Sauti Hii ni ya Nani? Santuri za Mchanganyiko na Majina Yaliyopotea

(Makala haya yalisomwa redioni wiki iliyopita katika mazungumzo yetu ya kila wiki.)

Ndugu msomaji, nyumbani kwetu Nyabusozi, wilayani Biharamulo, kulikuwa na kaseti moja ya dakika 90 ambayo sisi watoto tuliruhusiwa kuisikiliza siku za sikukuu tu. Sababu ilikuwa betri. Betri za redio kaseti zilikuwa ghali, na zilipoanza kuchoka mama alizianika juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Nani angekubali nguvu hiyo iishie kwenye muziki?

Kaseti yenyewe baba aliirekodisha katika kibanda kimoja cha Biharamulo mjini, mwishoni mwa miaka ya 1980. Walioishi enzi hizo wanakumbuka utaratibu. Ulikwenda na kaseti tupu, au uliinunua palepale, ukamwandikia kijana wa kibanda orodha ya nyimbo unazotaka, ukalipa, ukaenda zako. Baada ya siku mbili tatu, kama jenereta halikugoma, ulikuta kazi iko tayari.

Upande wa kwanza baba aliwaweka Marijani Rajab, Mbaraka Mwinshehe, Franco na Les Wanyika. Upande wa pili walikuwa Jim Reeves, Otis Redding, Bob Marley na Boney M. Na mwisho kabisa, pale ambapo kijana wa kibanda alibakiza utepe mtupu, mjomba alirekodi kwa redio kaseti yake dakika kama tano za ngoma ya harusi ya pale kijijini, mbwa akibweka kwa mbali na mtu akikohoa karibu na mashine. Juu ya jalada kijana wa kibanda aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mchanganyiko Na. 4". Basi. Hakuna jina la mwimbaji hata mmoja, awe wa Marekani, wa Kinshasa, wa Dar es Salaam au wa Nyabusozi.

Nimeikumbuka kaseti hiyo kwa sababu ya jambo lililonipata mwaka jana, ambalo nitalieleza baadaye. Lakini ili lieleweke, sina budi kwanza kusimulia historia ya vitu vinavyofanana na kaseti ile ya baba, yaani santuri za mchanganyiko.

Santuri ya mchanganyiko ni santuri yenye nyimbo za watu mbalimbali, ambazo zimechaguliwa na mtu ambaye kwa kawaida si mmoja wa waimbaji. Hapo ndipo penye jambo. Anayechagua si anayeimba. Anayechagua ndiye anayeamua wimbo upi uingie na upi uachwe, upi utangulie na upi ufuate. Na zaidi ya yote, ndiye mwenye kalamu. Atakachoandika juu ya jalada ndicho dunia itakachokijua.

Wa kwanza wa kutajwa katika habari hii ni Mwingereza Hugh Tracey. Alifika Rhodesia ya Kusini akiwa kijana mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa shughuli za kilimo, akapenda nyimbo za watu aliokuwa akifanya nao kazi, na kuanzia hapo maisha yake yote akayatumia kurekodi muziki wa Afrika. Mwaka 1950 alipita Tanganyika na gari lake lenye mitambo. Alirekodi kwa Wagogo, kwa Wanyamwezi, kwa Wasukuma, na kwa jirani zetu Wahaya. Mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, ambayo hadi leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Mfululizo wake uitwao "Sound of Africa" una santuri 210. Mtu akitaka leo kusikia Mgogo wa mwaka 1950 alivyopiga zeze, anaisikia kazi ya Tracey.

Tracey alikuwa mtu wa enzi ya ukoloni na alikuwa na mawazo ya enzi hiyo, hilo tusilifiche. Lakini alikuwa na desturi moja njema: alijaza kadi. Kwa kila wimbo aliandika lugha, mahali, ala iliyopigwa, na mara nyingi jina la mwimbaji.

Faida ya kadi hizo ilionekana baadaye sana. Mwaka huohuo wa 1950, nchini Kenya, Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Neno hilo si la Kikipsigis hasa. Ni jina la Mmarekani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa nyimbo za mashambani za kizungu aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilifika huko pamoja na gramafoni. Wasichana wale walimsikia mtu anayeimba ndani ya sanduku, hawakupata kumwona, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu mnyama, wakamtungia wimbo. Kwenye kumbukumbu za Tracey kiongozi wa wasichana hao ameandikwa kwa jina lake: Chemutoi Ketienya.

Mwaka 2015, miaka 65 baadaye, maktaba ile ya Afrika Kusini ikishirikiana na studio ya Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha sauti hizo kwa Wakipsigis wenyewe. Watu walisikiliza sauti za mama zao na bibi zao. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu mwaka 1950 kuna mtu aliyetoa kalamu mfukoni akaandika jina la mahali na la watu. Bila maandishi hayo, sauti zile zingerudi kwa nani?

Sasa tuje karibu zaidi na kwetu. Kutoka Nyabusozi ukielekea magharibi unaingia wilaya ya Ngara, na ng'ambo ya Ngara ni Burundi. Sehemu ya Bugufi, ambayo leo iko Ngara, zamani ilikuwa chini ya mfalme wa Burundi, na Mhangaza wa Ngara na Mrundi wanasikilizana bila mkalimani. Kwa hiyo habari ya ngoma za Burundi si habari ya mbali kwetu.

Katika miaka ya 1960, Ocora, iliyokuwa kampuni ya santuri ya shirika la redio la Ufaransa, ilirekodi muziki wa Burundi, ikiwemo ngoma kubwa za kifalme zinazopigwa na kundi la wanaume waliojipanga nusu duara. Santuri hiyo ilitolewa Paris kama kumbukumbu ya utamaduni. Lakini mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa huko Ulaya alichukua mdundo huo, akaongeza piano na gitaa, akautoa kwa jina la "Burundi Black". Ukaingia katika chati ya nyimbo zinazopendwa Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akaweka ngoma hizohizo chini ya wimbo wake "The Jungle Line". Kufikia mwaka 1980 bendi za vijana wa London, kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow, zilikuwa zimejenga mtindo wao mzima juu ya mdundo ule wa Burundi.

Wapiga ngoma wenyewe walipata nini? Mwaka 1981 gazeti la New York Times lilipoandika habari hiyo, lilieleza kwamba wapigaji wa asili hawakuwa na fungu katika mapato ya "Burundi Black". Na majina yao? Joni Mitchell angalau alitaja kwenye jalada kwamba ngoma ni za wapiganaji wa Burundi. Lakini "wapiganaji wa Burundi" si jina la mtu. Huwezi kumpelekea barua wala hundi mtu aitwaye "wapiganaji wa Burundi". Mwaka 2014 UNESCO iliitambua ngoma hiyo ya kifalme kuwa urithi wa binadamu wote. Ni heshima kubwa. Hata hivyo, mtu mmoja mmoja aliyepiga siku ile ya kurekodi, akatikisa kuta za kumbi za London bila kujua, hakujulikana na wale waliocheza kwa mikono yake.

Hizo ni njia mbili, ndugu msomaji. Njia ya jina, na njia ya "ngoma ya kabila fulani". Santuri za mchanganyiko zilizofuata zilipita humo humo, nyingine huku, nyingine kule.

Mwaka 1973 Mwingereza John Storm Roberts, ambaye miaka ya 1960 alikuwa mwandishi wa habari Nairobi, alitoa santuri iitwayo "Africa Dances", iliyokusanya dansi la nchi mbalimbali za Afrika. Baadaye akaanzisha Marekani kampuni ndogo iitwayo Original Music, iliyotoa "The Nairobi Sound" mwaka 1982, "Songs the Swahili Sing" mwaka 1983 na "The Tanzania Sound" mwaka 1987. Kwa msikilizaji wa New York hiyo ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba Tanzania ina gitaa, ina saksafoni na ina watu wanaovaa suti kwenda dansini, mbali na tembo na mlima.

Mwaka huohuo wa 1987, tarehe 29 Juni, wenye kampuni ndogondogo za santuri na watangazaji kadhaa walikutana katika baa moja ya London iitwayo Empress of Russia. Shida yao ilikuwa ya kibiashara. Walikuwa na santuri za Mali, za Bulgaria, za Zanzibar na za Pakistan, lakini wenye maduka hawakujua waziweke rafu gani. Wakakubaliana jina moja la kubandika kwenye rafu: "muziki wa dunia". Ndivyo jina hilo lilivyoenea. Halikutokana na muziki kufanana, kwani taarabu ya Unguja na uimbaji wa Bulgaria vinafanana wapi? Lilitokana na rafu.

Lakini rafu hiyo ilitusaidia, tuseme haki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa taarabu ya Zanzibar, ikiwemo ya Ikhwani Safaa na ya Culture Musical Club. Mwaka 1991 ikatoka "Guitar Paradise of East Africa". Kuanzia mwaka 2005 kampuni ya Buda Musique ya Paris ilitoa mfululizo wa "Zanzibara", ulioandaliwa na Mjerumani Werner Graebner, ukiwa na taarabu na pia dansi la Tanzania Bara la miaka ya 1960. Mwaka 2007 huko Uingereza ikatoka "Poetry and Languid Charm", yenye nyimbo za Waswahili za kuanzia miaka ya 1920, enzi ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi. Nyingi za hizi zina vijitabu ndani vyenye majina ya waimbaji, miaka, na maelezo ya kila wimbo. Mtu aliyeko Dar es Salaam anayetaka kujua nani alipiga gitaa katika wimbo wa babu zake, mara nyingi hulazimika kusoma kijitabu kilichochapwa Ulaya.

Hapo wengi husema tumeibiwa. Mimi nasema tusikimbilie neno hilo kabla ya kujiuliza sisi tulikuwa wapi.

Sisi tulikuwa na mkusanyaji wetu mkubwa, na mkusanyaji huyo ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mwaka 1956 ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD tuliyoikulia. Nchi yetu katika miaka hiyo haikuwa na kiwanda kinachofanya kazi cha kufyatua santuri. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, wakati wa kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Kwa hiyo bendi ikiwa na nyimbo mpya ilikwenda studio za RTD, ikarekodi kwenye kanda, na nyimbo zikapigwa hewani. Hapakuwa na santuri ya kununua dukani. Ndiyo maana vibanda kama kile cha Biharamulo vilizaliwa. Kijana wa kibanda aliuza kile ambacho hakikuwepo dukani. Kwa sheria alikuwa mwizi, kwa wateja wake alikuwa mkombozi, na mwanamuziki hakupata hata senti.

RTD iliweka hazina ya kanda ambayo ni santuri ya mchanganyiko kubwa kuliko zote nchini. Mwaka 2012 vijana walianzisha mradi ulioitwa Tanzania Heritage Project wakipigania kanda hizo zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Walikuwa na haki ya kuwa na haraka. Utepe una umri wake kama mtu. Unakauka, unanata, unakatika.

Lakini mimi ambaye nimefanya kazi ya redio kwa zaidi ya miaka 20, katika vituo zaidi ya kimoja, nataka kuongeza jambo ambalo halisemwi sana. Kanda inaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa imepotea. Bendi za mjini zilikuwa na majina, na majina yao yaliandikwa. Ukija kwenye ngoma za vijijini, mara ngapi nimeshika jalada lililoandikwa kabila tu? "Wahaya." "Wasukuma, mavuno." "Ngoma ya asili, Kagera." Kana kwamba kabila zima lilikusanyika mbele ya kipaza sauti likafungua mdomo mmoja. Sisi tunaowalaumu wazungu wa "Burundi Black" tumeandika hivyohivyo, kwa kalamu zetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe.

Na sasa nifike kwenye lile la mwaka jana.

Mwaka 2004 nilikuwa nimemaliza stashahada ya uandishi wa habari na kuajiriwa na kituo kimoja cha redio. Nilitumwa Biharamulo kuandaa kipindi cha ugonjwa wa muhogo. Nikapitia nyumbani Nyabusozi, nikakuta harusi. Wanawake walikuwa wakiimba kumwaga bibi harusi, kwa makofi na ngoma moja, na kati yao kulikuwa na sauti moja iliyoongoza. Sijui niielezeje. Ilikuwa nyembamba, haikupanda juu sana, lakini kila ilipoingia wengine wote walishusha zao kuipisha. Nikawasha mashine, nikarekodi dakika 11. Kisha wali ukaja, nikala, nikapanda gari kuwahi muhogo wangu.

Niliporudi studio niliandika juu ya kaseti: "Ngoma ya wanawake, Biharamulo, 2004". Kwa miaka mingi kipande cha wimbo ule kilitumika kufungulia kipindi kimoja cha akina mama. Maelfu ya watu waliisikia sauti ile kila wiki. Nami nilijisifu kwamba nimekipeleka kijiji chetu hewani.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwenye msiba. Siku ya tatu akanijia kijana mmoja, akanisalimu kwa adabu, akasema: "Kaka, ule wimbo wa redioni ni sauti ya bibi yetu. Alifariki kabla hatujawa na simu za kurekodi. Hatuna sauti yake popote. Tunaomba nakala." Nikamwahidi, tena kwa furaha. Kabla jua halijazama akaja mama mmoja wa ukoo mwingine, amejifunga kanga kiunoni, uso hauna utani. "Mwanangu," akasema, "nasikia unawapa wale sauti ya dada yangu."

Jioni tukaketi nje, wazee na vijana wa pande zote mbili, nikaicheza sauti kwenye simu. Tukaisikiliza mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Wengine wakasema ni huyu, kwa kuwa alikuwa akivuta neno la mwisho namna hiyo. Wengine wakasema ni yule, kwa kuwa huyu wa kwanza mwaka 2004 alikuwa tayari anaugua kifua. Marehemu wote wawili walikuwa waimbaji viongozi, na waliimba katika harusi zilezile. Wakanigeukia mimi niliyekuwepo. Nilijaribu kuukumbuka uso. Nilikumbuka kanga, nikakumbuka vumbi, nikakumbuka wali. Uso sikuukumbuka.

Mzee mmoja akaniuliza: "Siku ile ulikuwa na kalamu?"

"Nilikuwa nayo, mzee."

Hakusema zaidi. Wala hakukuwa na haja.

Nakala nimezipa familia zote mbili. Majina ya mama hao sitayaandika hapa, kwa sababu bado wazee hawajakubaliana, na kulichapa moja gazetini ni kulinyang'anya lingine. Nilichofanya ni kuandika upya jalada: kitongoji, harusi ya nani, mpiga ngoma ni nani, kwani huyo watu walimtambua bila ubishi, na majina ya wanawake sita wanaokumbukwa kuwa walikuwepo. Mbele ya neno "kiongozi" nimeacha mstari mtupu. Mstari huo ni kosa langu, na huenda ukabaki mtupu mpaka nami niondoke.

Msomaji atauliza, je, jina lina faida gani kwa mtu wa kijijini ambaye hata hivyo hakuwa akitafuta umaarufu? Nitajibu kwa mfano wa mkoani kwetu. Mwaka 2001 Saida Karoli alitoa wimbo wake "Maria Salome", kwa Kihaya, na nchi nzima ikaucheza, hata wasiojua Kihaya neno moja. Jina lake lilikuwa juu ya jalada. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz na Rayvanny waliufanyia wimbo huo sura mpya kwa jina la "Salome". Mara moja watu wakauliza habari za Saida Karoli. Vyombo vya habari vikamtafuta, jina lake likarudi midomoni mwa vijana waliokuwa hawajazaliwa alipoanza kuimba. Wimbo ulipotembea, mwenyewe alitembea nao. Hiyo ndiyo tofauti kati yake na wapiga ngoma wa "Burundi Black".

Tena tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tunayo COSOTA ya kuisimamia. Lakini sheria haiwezi kumlipa "Ngoma ya asili, Kagera". Sheria hulipa mtu, au warithi wa mtu. Penye jina pana mlango wa kubisha. Pasipo na jina pana ukuta.

Majirani zetu wa Kenya wameonyesha kwamba kazi hii inaweza kufanyiwa nyumbani. Ketebul Music, hao hao waliorudisha "Chemirocha", walitoa mwaka 2008 mkusanyiko wa benga wenye kitabu na filamu, mwaka 2010 wa muziki wa Wakikuyu, na mwaka 2011 wa nyimbo za Kenya zenye mahadhi ya soul na fanki. Waliochagua ni Waafrika, na walioandika maelezo ni Waafrika. Walikwenda kwa wazee waliobaki, wakawauliza nani alipiga nini, kabla hawajaondoka. Hakuna uchawi hapo. Ni miguu na kalamu.

Siku hizi kila mwenye simu ni Hugh Tracey. Harusi haipiti bila simu ishirini kuinuliwa juu. Kwa wiki moja Biharamulo na Ngara zinarekodiwa nyimbo nyingi kuliko alizobeba Tracey ndani ya gari lake. Lakini kwenye simu hizo zote, wimbo umehifadhiwa kwa jina gani? Tarakimu za tarehe na saa, basi. Miaka 20 ijayo wajukuu wataketi nje jioni na kubishana kama tulivyobishana sisi.

Kwa hiyo ombi langu wiki hii ni dogo. Ukirekodi wimbo, anza au maliza kwa kusema kwa sauti, ndani ya rekodi yenyewe: anayeongoza ni nani, mtoto wa nani, mahali ni wapi, shughuli ni ipi, mwaka gani, lugha gani. Inachukua nusu dakika. Na kama ndani ya kabati lako kuna kaseti ya zamani, mtafute mzee aliye hai, mcheze aisikie, andika atakachokwambia. Usingoje kijitabu kutoka Ulaya.

Mimi nimeanza na ile "Mchanganyiko Na. 4". Utepe ulikuwa umekatika, nikauunga. Zile dakika tano za mwisho nilimpigia mama. Mbwa alipobweka mama akacheka, akalitaja jina la mbwa. Kisha akanyamaza, akasikiliza, akaanza kuwataja watu, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nikiandika. Jalada limejaa. Imebidi niongeze karatasi.

Hadi wiki ijayo, ndugu msomaji, kwaheri.